Mgeni wa Kumi na Tano

Fomu ya ziara ilirudi kutoka makumbusho ikiwa na mihuri mitatu, na wino wote ulikuwa umekauka isipokuwa wa jina la kumi na tano. Peres aliligusa, kidole kikatoka cheusi. Akailaumu mvua, ingawa Nairobi haikuwa imeona tone kwa wiki tatu.

Ofisi yao ilikuwa ghorofa ya sita katikati ya jiji, idara ndogo ya urithi ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuandikiana barua na idara nyingine ndogo. Mara hii ilikuwa imeazimia kuwapeleka wafanyakazi kuona makumbusho mawili ya mji mmoja mdogo wa bondeni: stesheni ya zamani ya reli, na nyumba ya mawe ya karani wa enzi za mkoloni. Peres ndiye aliyepewa kupanga. Basi alilipata, chakula cha mchana alikipata, hata mahali pa watu kusimama wajisaidie. Kilichomshinda ni fomu, iliyodai kikundi cha watu kumi na watano, na waliokubali kwenda walikuwa kumi na wanne.

Mkuu wake, Bwana Wahome, alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwa upole kwamba fomu inasema kumi na tano, na yeye Wahome si fomu.

Basi Peres akafanya lile ambalo maofisi yamefanya tangu zamani: akamwandika mtu hewa. Hakutaka jina la mtu anayeweza kulalamika, kwa hiyo alilitoa kwenye kijitabu cha makumbusho, chini ya picha ya mwenye ile nyumba ya mawe. Gerishon Kitonga, karani, 1931. Fomu aliijazia nyumbani. Ilipouliza mgeni achukuliwe wapi, akaandika fleti yake ya mtaa wa Mountain View. Ilipouliza jamaa yake wa karibu, akainua macho, akamwona binti yake wa miaka tisa akichora mkabala naye mezani, akaandika Ivyne.

Jumatatu, saa kumi na moja jioni, simu ya ofisini ililia. Alikuwa Everlyn, anayemsaidia kazi za nyumbani.

"Mama Ivyne, huyu mgeni wako nimpee chai ya maziwa ama strungi?"

"Mgeni gani?"

"Si huyu mzee wa koti. Anasema ulimwandikia barua."

Peres aliuliza mtoto yuko wapi.

"Ako na huyo mzee kwa meza. Anamfunza mwandiko."

Foleni ya Waiyaki Way ilikuwa imesimama kama kawaida yake. Alipofika, Everlyn alikuwa getini na begi, akinong'ona kwamba yule mzee amekunywa vikombe vitatu na vyote vitatu bado vimejaa. Yeye anaenda kwa sista yake kule Kabiria, na Peres atafute pastor. Ndani hakukuwa na mzee. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa, ya wino, na ya udongo wa shimo lililochimbwa asubuhi, na Ivyne peke yake mezani, akiandika majina ya watu kwa mwandiko wa kulala, mwembamba, ambao hakuna shule inayoufundisha siku hizi. Kiti cha mkabala naye kilikuwa kimevutwa nje, kama kiti cha mtu aliyekaa.

Alimpigia Mwihaki, mtunzaji wa ile nyumba ya mawe. Mwihaki alisikia habari ya mzee, akauliza jambo moja tu.

"Madam, ulimwandika kwa jina?"

Peres akasema jina limo kwenye kijitabu chao.

"Kijitabu kiliandikwa Nairobi," Mwihaki akasema. "Sisi huku tunamwita Mwenye Nyumba, basi. Huyo ndiye alikuwa anaandika watu wa kupelekwa kazi ya barabara. Ukiandikwa, hakuna kurudi."

Akamweleza kwamba wachungaji wawili walishajaribu kumtoa, na mmoja wao siku hizi hashiki kalamu. Aliyeitwa kwa barua hurudishwa kwa barua: ziara ni Ijumaa, basi wamlete, akikanyaga kizingiti chake atatulia. Ila yule karani huandika kwa mpango wa alfabeti, hajawahi kuruka herufi, na mtoto asije akafika kwenye jina lake mwenyewe. Atakayejiandika kwa mwandiko ule amejitoa kwake.

Jumanne Ivyne alikuwa kwenye C. Peres alificha kalamu zote, na mtoto akaendelea kwa kidole, kwa ule wino usiokauka. Jumatano, kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa, alimpeleka kwa dadake Caren kule Kileleshwa. Hata chai ya saa nne haijaiva, Caren akapiga kuuliza huyu mzee aliyefuatana na mtoto anapenda kukaa upande gani wa meza. Peres akamrudisha mtoto nyumbani. Alfajiri alisikia chuma kikikwaruza karatasi, kwanza mezani, kisha ukutani, kisha ndani ya mto aliolalia, mkwaruzo wa mtu asiye na haraka kwa sababu anajua orodha itaisha tu, na alipomwita mwanawe kwa jina, mwanawe hakugeuka, akamwita tena, na tena, mpaka yule mtoto akasema kwa adabu, "Huyo simjui, mum. Bado hatujafika kwake."

Alhamisi asubuhi walikuwa kwenye G. Basi lingeondoka Ijumaa saa kumi na mbili. Peres alipiga hesabu, akaona wataponea chupuchupu.

Saa tisa mchana waraka ukapita mezani kwake. Basi lilikuwa limechukuliwa kupeleka wakubwa kwenye semina ya kuharakisha huduma. Alimwendea Wahome, akamwambia yote, akilia. Wahome alimpa kitambaa na pole zake. Akamkumbusha kwamba barua ya kuahirisha ziara imeshatoka, na nakala zimeenda kwa wageni wote.

Nakala ilikuwa imemtangulia nyumbani. Ilikuwa mezani mbele ya kile kiti, imefunguliwa vizuri kwa kisu. *Ziara imeahirishwa hadi itakapotangazwa tena. Wageni wote wanaombwa kusubiri mahali pao pa kuchukuliwa na kuendelea na kazi kama kawaida.*

Ivyne alimaliza jina la mwisho la H, akafungua ukurasa mpya, akasita. Kidole kilining'inia juu ya karatasi, kikidondosha wino.

"Mum," akasema. "Mimi naitwa nani?"

Peres akapata tumaini. Mtoto hakumbuki, asiyejua jina lake hawezi kuliandika. Alijiapiza hapo hapo kwamba hatalitamka tena maisha yake yote, wala hataruhusu mtu alitamke ndani ya nyumba hii, atamwita mama, atamwita malaika, atamwita chochote.

"Huna jina, malaika," akanong'ona. "Weka chini kidole."

Kile kiti kikatoa mlio mdogo, kama mtu ameinama mbele. Na kutoka upande ule, taratibu, karatasi yenye mihuri mitatu ikateleza juu ya meza mpaka chini ya macho ya mtoto, ikatulia penye kisanduku cha jamaa wa karibu, kilichojazwa kwa mkono wa Peres mwenyewe, kwa herufi kubwa, kama fomu ilivyotaka.