Pumzi Iliyoua Ndama

Kila asubuhi Tusekile alimenya ndizi, na mumewe Lutengano akakamua ng'ombe. Ukungu ukiwa bado umeufunika mlima Rungwe, binti yao Yudith, mwenye miaka saba, aliwaswaga ndama hadi ukingoni mwa kibonde nyuma ya migomba, akarudi. Majani ya kule ni laini, na ndama waliyapenda mno.

Mwaka ule wa 1958 ndama wakaanza kufa. Akafa wa kwanza, akafa wa pili. Wa tatu alikutwa amelala kibondeni, hana jeraha wala uvimbe, majani bado yamo mdomoni.

Lutengano hakuhitaji kuambiwa sababu. Baba yake alipofariki, yeye alichinja fahali mmoja tu matangani, na majirani wakanung'unika kwamba nyama haikutosha. Basi wazee wa Kinyakyusa husema, majirani wakinung'unika pamoja, pumzi yao huwa baridi, nayo humwangukia aliyekosa. Lutengano alikuwa mzee wa kanisa, ndiyo, lakini hofu haingoji ibada iishe! Akamshuku Gideoni, jirani na rafiki yake tangu utoto, maana ndiye aliyenung'unika kuliko wote. Wakaacha kusalimiana. Kisha Lutengano akatangaza nyumbani kwake kwamba Jumamosi wanahama.

Tusekile aliumia sana. Migomba ile aliipanda kwa mikono yake. Tena mke wa Gideoni ndiye aliyempokea Yudith siku alipozaliwa. Alimbembeleza mumewe hadi akachoka. Alhamisi akajifunga kanga kiunoni, akaenda kumwita Bwana Mifugo.

Bwana Mifugo huyo aliitwa Kalinga, Mhehe wa Iringa, mtu wa maneno mengi na hatua ndefu. Alimpasua ndama wa tatu, asione ugonjwa wowote. Akaomba kibatari. Akakiwasha, akakifunga kwa kamba kwenye ncha ya ufito mrefu, akakishusha kibondeni taratibu, mwenyewe amesimama ukingoni. Kilipofika chini, kwenye kimo cha ndama, kikazimika zii! Akakiwasha tena, kikazimika tena. Na upepo haukuwapo hata wa kutikisa jani.

Kalinga alichangamka kama aliyeokota almasi. Akawaeleza Tusekile na Lutengano kwamba kabla ya kazi ya mifugo aliwahi kuosha chupa melini, kwa mtaalamu mmoja aliyepima hewa iliyomo ndani ya maji ya bahari. Hewa hiyo huitwa hewa ukaa. Moto huitoa, watu na wanyama huitoa wakipumua, na bahari huinywa kutoka angani. Mabaharia walimcheka mtaalamu yule, eti anapima kitu kisichoonekana. Yeye aliendelea kujaza chupa zake tu, na wasaidizi wake akawafundisha njia nyepesi ya kuitambua hewa hiyo.

Njia yenyewe ni chokaa, hii hii ya kupaka nyumba. Kalinga aliikoroga majini, akaiacha itulie, akamimina maji maangavu ya juu kwenye chupa tatu. Akampa Tusekile bua la jani la mpapai apulize ndani ya chupa ya kwanza. Tusekile akapuliza, na maji yakawa meupe kama maziwa. Chupa ya pili ikashushwa kibondeni, ikapandishwa, ikatikiswa. Nayo ikawa nyeupe.

"Si nilisema?" Lutengano akadakia. "Ni pumzi ya watu!"

Tusekile alitamani ardhi immeze. Kumbe amemleta mtu wa kumpa mumewe ushahidi!

Kalinga hakubishana. Aliwapeleka upande wa juu wa kibonde, penye chemchemi ndogo iliyoibuka mwaka ule. Maji yake yalitoa mapovu kama sufuria jikoni, lakini yalikuwa ya baridi. Akaiweka chupa ya tatu juu ya mapovu, akaitikisa. Ikawa nyeupe kuliko zote.

"Ndugu Lutengano," akauliza, "hapa anapumua nani?"

Lutengano akatazama mapovu, akatazama chupa. "Hakuna mtu," akasema polepole.

"Inatoka ardhini. Hewa hii ni nzito. Inateremka kama maji, na asubuhi pasipo upepo inajaa kibondeni. Mtu mzima kichwa chake kiko juu yake. Ndama anaivuta, anazimika kama kibatari."

Tusekile alikuwa amekwisha kupima kwa macho kimo cha ndama na cha binti yake. "Na Yudith je?"

"Yudith naye ni kimo cha ndama, mama. Asikanyage tena kule. Na ukimwona mtu ameanguka, usishuke kumwinua, maana ukiinama na wewe umekwisha. Ita watu, mvuteni kwa kamba mkiwa juu."

Siku ile ile Lutengano alikwenda kwa Gideoni, akamkuta akipalilia kahawa. Akamweleza yote, akaomba radhi kwa kumsingizia.

Gideoni aliliachia jembe, akaketi chini. "Nilinung'unika kweli," akasema. "Mwezi mzima silali, nikijua ni mimi ninayewaua ndama wako."

Wote wawili wakalia, watu wazima na ndevu zao.

Jumamosi hakuna aliyehama. Walikata miti, wakakizungushia kibonde uzio, na ndama wakapelekwa kulishwa mteremkoni kwenye upepo. Kalinga alimwandikia mtaalamu wake barua, kumjulisha kwamba kipimo chake cha baharini kimeiokoa nyumba moja mlimani. Msimu ule ndama wanne walizaliwa, na wote wanne wakakua.