Boma Lililofungwa kwa Miiba

Mnada wa Katesh ulifurika vumbi, moshi wa nyama na ng'ombe wanaolia. Katika kusukumana, Basili, dereva wa trekta, akamgonga msichana aliyebeba kibuyu cha maziwa. Ovaroli yake mpya ya shamba la ngano la serikali ikalowa kifuani.

"Umenimwagia biashara, dereva!"

"Na wewe umenibatiza, dada. Sasa nipe na jina."

Msichana akacheka hadi bangili zake za shaba zikalia. Alivaa sketi ya ngozi iliyojaa shanga, akaitwa Fabiola, na Basili, kijana wa Tlawi, akawa amekwisha hapo hapo.

Tangu hapo kila Jumapili Basili alikwenda bomani kwa mzee Gidabuday, baba yake Fabiola. Lakini shamba lilikuwa linapanuka, na boma lile, pamoja na kaburi la mama wa mzee huyo, lilikuwa mbele ya matrekta.

"Mpenzi, tusemee," Fabiola alimwomba. "Baba alienda ofisini, wakamwacha juani kutwa nzima. Wewe watakusikia."

Basili akaenda kuwasemea. Msimamizi wa shamba akakubali kwa shingo upande: boma lenye watu lisilimwe mpaka wazee wasikilizwe. Fabiola alipopata habari alimshika mikono yote miwili, machozi yakimtoka.

"Jumapili nitamletea mzee blanketi," Basili akamwambia. "Nianze kuposa."

Jumapili alifika na blanketi begani. Boma lilikuwa limefungwa kwa miiba, na ndani hapakuwa na hata ndama. Kwao Tlawi ng'ombe hulala ndani ya nyumba. Mtu akiondoka na mifugo yote, basi amehama. Hakujua kwamba wafugaji wa kwao Fabiola huenda wote kuwanywesha ng'ombe maji ya chumvi ziwani, kisha hurudi. Fabiola hakumwambia, maana kwao hilo hata mtoto analijua.

Uchungu ukamjaa. Wamenitumia, kisha wakaniacha bila kuaga! Mapenzi yana upofu wake, na upofu wa Basili ulikuwa na trekta.

Asubuhi msimamizi akauliza, "Kwa Gidabuday kuna watu?"

"Hawapo. Wamehama."

"Basi anzia huko."

Basili akaanza kulima yeye mwenyewe, kwa hasira.

Kina Fabiola waliporudi na ng'ombe wao, udongo ulikuwa bado mbichi. Mzee Gidabuday alizunguka kwenye matuta, akichomachoma kwa fimbo, akitafuta kaburi la mama yake.

"Shikamoo, mzee," Basili alisema. Mzee hakuitikia.

"Nani amelima hapa?" Fabiola akauliza.

"Mimi. Nilikuta pamefungwa, nikadhani umeniacha, nikasema mmehama."

"Tulifunga ili fisi wasiingie, Basili. Mtu anayehama anafunga mlango wa nini?"

Basili akakimbia ofisini. Msimamizi hakuinua hata kichwa. "Wewe ndiye uliyesema wamehama. Mbegu inaingia kesho."

Akarudi akihema. "Njoo Tlawi, nikuoe. Nyumba ya mama ina nafasi."

"Ya baba pia? Na ng'ombe? Na bibi yangu, nimchimbue wapi?"

Fabiola alimpenda bado, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Akalichukua lile blanketi kwenye kiti cha trekta, akamfunika baba yake mabegani, kisha akawageuza ng'ombe.

"Wala hukusema uongo," akamwambia. "Ulitutangulia tu kusema."