Uzi Kwenye Mwasumini

Jumamosi moja ya mwezi wa Machi soko la miche la Warsan lilijaa mpaka pa kutia mguu hapakuwapo. Matoroli yalipishana yamebeba mibogenvilia, wauzaji waliitana kwa Kiurdu na Kimalayalamu, na mabibi wa Kiarabu waliagiza mitende kwa kidole bila kushuka garini. Katikati ya zogo hilo alisimama Mawadda, pindo la abaya yake ya kijivu limeingia matope, mtandio wa zambarau unamteleza, simu kaibana baina ya sikio na bega.

"Bibi, huyu mwizi wa mchana! Anataka kuniuzia mchanga kwa bei ya dhahabu. Mchanga, Bibi! Hapa Dubai!"

Nyuma yake mtu akaangua kicheko. Mawadda akageuka na uso wa kugombana, akakuta kijana mrefu mwembamba, shati jeupe limepigwa pasi mpaka kola, kakumbatia chungu cha mwaridi kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ashike kidogo.

"Samahani, dada. Nimecheka bila idhini."

"Kumbe unasikia Kiswahili?"

"Nasikia tangu hapo kwenye mwizi."

"Wa wapi wewe?"

"Mundhir, wa Amu."

"Lamu! Ndiyo maana masikio marefu. Mmeishi na punda mno."

"Na ninyi wa Unguja mna ulimi wa pilipili mbuzi. Basi tumejuana."

Mawadda alitaka kukasirika, akashindwa. Alizaliwa papa hapa Dubai na alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati ya meno huko Oud Metha; kutwa alitabasamu kwa ajili ya mshahara. Siku hiyo alitabasamu bure.

"Na huo mwaridi unaupeleka wapi?"

"International City. Nakaa huko na wenzangu, dirisha letu latazama maegesho ya magari. Huu ni wa tatu. Miwili ya kwanza ilikufa kiangazi."

"Ilikufa, au uliiua?"

"Kesi bado iko mahakamani."

Akacheka mpaka mtandio ukaanguka mabegani, akaurudisha haraka. Kisha akamweleza shida yake. Bibi yake, Bi Hilwa, alikuwa na mwasumini ndani ya pipa, uliotokana na kijiti alichokuja nacho zamani kutoka Unguja kimefungwa kitambaa kibichi. Kila binti wa ukoo ule aliolewa akiwa na kikuba cha asumini za mti huo kifuani. Lakini tangu wahamie ghorofa ya sasa, mwasumini haukutoa ua hata moja.

"Basi nipe nambari yako," Mundhir alisema, anatazama mwaridi wake. "Tuwe twapeana habari za wagonjwa."

Ujanja wa watu wa pwani tunaujua. Mawadda naye aliujua, na nambari akaitoa.

Kiangazi kikaja, na kiangazi cha Dubai hakibishi hodi. Jua lilichoma mpaka mikono ya milango ikawa haishikiki. Mundhir alikuwa karani katika kampuni ya mizigo kule Jumeirah Lake Towers, na kila akitoka kula alipiga simu.

"Habari za mgonjwa?"

"Mgonjwa yupi?"

"Anza na mwasumini. Mimi nitasubiri zamu yangu."

"Majani yanakunjamana. Mwaridi je?"

"Nimeutilia maji mchana, moja kwa moja kutoka bombani."

"Mundhir! Mwezi wa Juni? Tangi liko juu ya paa, linapikwa na jua kutwa nzima! Umeupikia chai!"

"Nilidhani nimeuburudisha, maskini."

"Jaza ndoo usiku, iache bafuni ipoe, umwagilie alfajiri. Na wewe unaumwa nini?"

"Nimekukosa."

Mawadda alibaki anaitabasamia simu hadi mgonjwa wa jino aliyekuwa mbele yake akauliza kama daktari amefika.

Mwezi wa Agosti Mawadda alitoka roshani miguu mitupu kuanua nguo, akahisi upepo wa moto unamchoma miguuni. Mashine ya nje ya kiyoyozi cha sebule ilikuwa inapuliza joto lake lote juu ya pipa la mwasumini. Miaka miwili wao walilala kwa raha ndani, mti ulikuwa unakaangwa nje. Pipa halikusogea hata kidogo alipolisukuma. Akaomba ruhusa kwa bibi yake, Mundhir akaitwa.

Alikuja na boksi la tende, akaamkia shikamoo kutoka mlangoni, akalikumbatia pipa na kulihamishia upande wa pili. Akatundika na kipande cha chandarua kukinga jua. Bi Hilwa, mama wa miaka sabini na zaidi, leso mbili za kanga na miwani ya dhahabu, alikaa kitini akimkagua.

"Nguvu unazo," alisema. "Adabu tutaiona."

Novemba ilipoingia, Mundhir alileta neno la posa. Baba yake Mawadda, aliyekuwa akiishi Maskati, alijibu kwa simu kwamba neno la Bi Hilwa ndilo neno lake. Bi Hilwa akasema, "Mama yake aje, tuonane. Lakini jibu nitalitoa siku mwasumini utakapochanua. Hatoki mwari kwangu bila kikuba cha mti wangu."

Wapenzi wakangoja baridi, nayo mwaka huo ilikuwa kigeugeu. Wiki hii watu walivaa sweta, wiki ijayo viyoyozi vilinguruma tena, mara mvua ikageuza barabara mito, mara vumbi. Mwasumini ulijaa majani mabichi yanayong'aa. Ua hakuna.

"Hata moja, habibti?"

"Hata moja. Naukagua kila nirudipo kazini. Hivi Mundhir, tutaoana kweli?"

"Tutaoana. Mti hauwezi kutushinda sisi wawili."

Januari Bi Jalia, mama yake Mundhir, akafika kutoka Lamu kwa visa ya siku chache, begi moja la nguo zake na jingine kubwa zaidi ambalo hakutaka mtu aliguse. Alifikia kwa binamu yake huko Deira. Mundhir akakosa usingizi. Mwenzake wa chumba, Boaz, mtu wa Kakamega aliyekuwa mlinzi wa jengo moja kule kule Jumeirah Lake Towers, akamhurumia kwa namna yake.

"Bro, si kuna wale Wahindi wa Bur Dubai wanauza jasmini? Nunua, funga na uzi kwa huo mti, khalas. Mathe ako na visa. Mti haina visa, inaweza kukaa hivyo hadi Yesu arudi."

"Ni uongo huo, Boaz."

"Ni decoration."

Mtu akizama hushika hata unyasi. Siku ya kuonana, Mundhir alivaa kanzu nyeupe na kofia ya vito, mfukoni ameficha asumini ndani ya kitambaa. Akina mama wakasalimiana na kuulizana ukoo hadi babu wa saba. Yeye akaomba kwenda kuutazama mwasumini. Punde sauti yake ikatoka roshani.

"Bibi! Mawadda! Umechanua!"

Mawadda alikimbia na treya ya vikombe mkononi. Aliona maua meupe kati ya majani, machozi yakamtoka. Bi Jalia akapiga kigelegele.

Bi Hilwa alisimama mlangoni, hakusogea hata hatua. "Haya si ya mti wangu," alisema.

"Bibi, si hayo unayaona?" Mawadda aliuliza.

Ndipo Bi Hilwa akaenda, akalishika ua moja, akalivuta. Likaja na uzi mweupe, na uzi ukaja na maua mengine yote, moja nyuma ya jingine, kama kamba ya nguo. Bi Jalia akajifunika uso kwa mtandio.

"Mawadda, nisikilize, nilitaka tu..."

"Umemdanganya bibi yangu mbele ya mama yako mzazi," Mawadda alisema. "Mimi utanidanganya mara ngapi? Nenda, Mundhir."

Akaenda. Simu zake hazikupokewa. Alituma ujumbe wa sauti, haukusikilizwa. Zahanati nzima ilijua kuwa yule dada wa mapokezi kaacha kutabasamu, na daktari mmoja akamuuliza kama anaumwa jino.

Lakini hasira ikipoa, akili hurudi. Mawadda akaanza kujiuliza. Uzi haukuonekana kutoka mlangoni. Yeye mwenyewe alisimama karibu zaidi na hakuuona. Bibi alijuaje?

Ijumaa baada ya sala ya alfajiri alisikia mlango wa roshani ukifunguliwa taratibu. Akatoka pole pole. Bi Hilwa alikuwa ameinama juu ya mwasumini na kikombe cha kahawa mkononi, anapekua majani kwa vidole, anachuma matumba mabichi ya asumini, moja moja, na kuyatia kikombeni.

"Bibi!"

Kikombe kikaanguka, matumba yakatawanyika sakafuni. Yalikuwa mengi.

"Tangu lini, Bibi?"

"Tangu Desemba." Bi Hilwa akakaa kitini, ghafla mdogo ndani ya kanga zake. "Yule mjinga alipousogeza, mti ukaamka. Kila asubuhi natia nadhiri nitaacha, kila asubuhi mkono unaniponyoka."

"Lakini kwa nini? Humtaki?"

"Namtaka, mwanangu, tatizo ndilo hilo! Ningekuwa simtaki ningesema simtaki, nikalala. Ukiolewa atakuchukua akupeleke huko International City, mwisho wa dunia, basi hadi metro, metro hadi hapa. Utakuja Ijumaa hii, Ijumaa ile mvua, Ijumaa nyingine mtoto ana homa. Na mimi humu ndani nitazungumza na nani? Na friji?"

Mawadda alipiga magoti, akamlalia bibi yake mapajani. Wakalia wote wawili, kisha wakacheka, kisha wakalia tena. Halafu akachukua simu akapiga, akaweka sauti ya juu ili bibi asikie.

Kwanza ilisikika sauti ya Boaz kwa mbali: "Bro, amka! Ni yeye! Shika simu, wacha kunitolea macho!"

"Mawadda?" Mundhir aliitika, pumzi juu juu. "Nisamehe. Sina hoja, nisamehe tu."

"Mwasumini ulikuwa unachanua. Bibi alikuwa akichuma matumba kila alfajiri."

"Kwa nini?"

Bi Hilwa akanyang'anya simu. "Kwa sababu unataka kunichukulia mtoto, ndiyo kwa nini!"

"Nani amekwambia yuaenda mahali, Bibi?"

"Una maana gani?"

"Kwetu Amu mwanamke hatoki kwao. Mume ndiye huja na begi lake. Ndivyo alivyofanya baba yangu, na babu yangu kabla yake. Lile begi kubwa la mama ni mashuka na mapazia ya chumba cha Mawadda hapo kwenu. Alikuwa alilete siku ile ya jibu."

"Na mbona hukusema, wewe?"

"Nisemeje, Bibi? Kwetu hakuna asiyejua. Nilidhani na kwenu ndivyo."

Bi Hilwa alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya kanga, akaivaa, akaivua tena. Kwao Unguja bibi arusi hupelekwa kwa mume. Jambo la mume kuja na begi lake halikumpitia akilini hata siku moja.

"Na wewe mwenyewe begi lako kubwa?" aliuliza.

"Dogo. Na mwaridi wangu. Umetoa ua moja."

"Chumba ni kidogo, lakini roshani ina nafasi." Akarudisha simu na kuondoka haraka, asionekane uso.

"Umenisamehe?" Mundhir aliuliza.

"Wewe ulifunga ya uongo, bibi yangu alichuma ya kweli. Nimsamehe nani kwanza?"

"Anza na mkubwa. Halafu umhurumie mdogo."

"Mundhir, nakupenda, na ndiyo maana nakwambia. Usinifungie tena uzi. Kama ua halipo, niambie halipo, tutangoja pamoja."

"Halipo nitasema halipo. Wallahi."

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyegusa matumba. Baridi ilibana siku mbili ikawatia hofu, kisha joto likarudi, na mwasumini ukafanya kana kwamba ulikuwa unalipa deni la miaka. Harufu ilishuka hadi kwa jirani wa ghorofa ya chini. Bi Jalia aliongezewa muda wa visa, na ndoa ikapangwa.

Asubuhi ya harusi Mawadda alikaa mbele ya kioo, gauni la kijani, hina imepanda mpaka viwikoni. Bi Hilwa alitandaza maua kwenye sinia: asumini, mrihani, na majani ya lile waridi moja lililoletwa na bwana harusi mapema likiwa ndani ya glasi ya maji. Akafungua kopo la biskuti analowekea sindano, akatoa uzi mweupe uliokunjamana.

Mawadda akautambua. "Bibi, si ndio ule?"

"Ndio. Uzi haukuwa na kosa." Akaupitisha sindanoni, akatunga kikuba taratibu, akakibandika kwenye kifua cha mjukuu wake, na mkono wake ukabaki hapo kidogo.

Jioni, baada ya nikaha msikitini, kengele ya mlango ikalia. Bi Hilwa alikwenda kufungua mwenyewe. Bwana harusi alisimama kizingitini na joho lake jeusi, jasho linamtoka, mkono mmoja begi, mkono mwingine chungu cha mwaridi, na nyuma yake Boaz ndani ya suti ya kuazima amebeba mapazia.

Bi Hilwa aliutazama mwaridi, kisha akamtazama mwenyewe.

"Huo uweke mbali na kiyoyozi," alisema. "Wewe ingia ndani."