Nyumba ya Recife na Ng'ombe wa Picha

Roselyne alikuwa akigeuza mahindi kwenye turubai. Aliyaburuta kwa miguu, pekupeku, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake. Adui yake siku hiyo alikuwa kuku mmoja mwekundu. Akimfukuza upande huu, kuku anatokea upande ule.

Boma lao liko Kabuchai, kaunti ya Bungoma. Shamba ni ekari tatu. Chini kuna miwa, juu kuna mahindi, na katikati kuna kaburi la mama mkwe. Ardhi hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mumewe Roselyne ni Hesbon. Baba yake Hesbon alikamua ng'ombe wa mzungu kule Kitale miaka kumi na minne. Alikamua hata mvua ya mawe ikimpiga mgongoni. Alilipwa unga na matusi. Uhuru ulipokuja, wenye tai waligawana mashamba makubwa, naye mkamuaji akanunua ekari tatu, kipande kwa kipande. Wenye tai wamesahau. Shamba halijasahau.

Bodaboda ikasimama langoni. Wamalwa akashuka, amevaa suti.

"Shemeji! Bado unapigana na kuku?"

"Kuku hachoki kuja, kama wewe," Roselyne alisema akicheka. "Karibu. Hesbon yuko ndani, anakungoja tangu asubuhi."

Wamalwa na Hesbon ni bakoki. Maana yake, walitahiriwa pamoja, Agosti ya mwaka wa themanini na sita. Walipakwa tope la mto mmoja. Walisimama mbele ya kisu kimoja bila kupepesa macho. Kwa Wabukusu, bakoki wako anaweza kukuita mjinga mbele ya wakwe zako, na huruhusiwi kukasirika. Anaweza kufunua sufuria yako bila kukaribishwa. Hesbon alikuwa ameongeza sheria yake mwenyewe: bakoki haulizwi ushahidi.

Wamalwa alitandaza karatasi mezani. Ilikuwa nzito, inang'aa. Juu yake kulikuwa na picha ya ghorofa jeupe na bahari ya kijani.

"Recife," alisema. "Mji mkubwa wa pwani, kule Brazil, Amerika Kusini. Watalii wamejaa. Unanunua nyumba moja kwa hili ghorofa. Wewe unakaa hapa Kabuchai unakula mrenda wako, na kodi inakuja kila mwezi. Na ukimaliza kulipa, kampuni inakupeleka na ndege ukaone nyumba yako. Wewe na shemeji."

"Tukimaliza kulipa?" Roselyne aliuliza kutoka mlangoni.

"Ndiyo. Unalipa, halafu unaona."

Hesbon hakusikia swali hilo. Macho yake yalikuwa baharini. Alikuwa amechoka na miwa, zao ambalo mkulima hulipwa siku mwenye kiwanda akikumbuka. Nani angemlaumu kwa kuota?

"Mama Edinah," alimwambia mkewe, "mambo yamekaribia. Kampuni hata imetutafutia mnunuzi wa shamba. Ijumaa bodi ya ardhi inakaa. Utakuja na mimi. Watakuuliza kama umekubali, useme ndiyo. Ni desturi tu ya ofisi."

Mguu wa Roselyne ulisimama kizingitini. Akaonyesha kaburi kwa kidevu.

"Na mama?"

"Mnunuzi amesema hatamsumbua," Hesbon alijibu. Lakini alijibu akiangalia karatasi.

Ilikuwa Jumanne. Zilibaki siku tatu.

Jumatano asubuhi Roselyne alipeleka maharagwe Kitale, kwenye duka la nafaka la Waithera. Wazazi wa Waithera walitoka Nyeri wakahamia Trans-Nzoia, naye alizaliwa huko huko. Kabla ya duka, alikuwa karani wa ofisi ya ardhi miaka ishirini na miwili. Alipomwona Roselyne hata hagombei bei ya maharagwe yake, akajua kuna jambo.

"Leo umemezwa na nini?"

Roselyne akamweleza yote. Waithera akaweka mzani chini.

"Nisikilize vizuri. Nani amekuambia ndiyo yako ni desturi ya ofisi? Ni sheria. Shamba mnaloishi na kulilima kama familia haliuziki bila mwenzi kukubali. Wakikuita mbele ya bodi, wanakuuliza wewe. Hawaulizi kofia ya mumeo. Ukisema hapana, mauzo yanasimama. Ukisema ndiyo kwa kuogopa, karatasi haitaandika kwamba uliogopa."

"Lakini si yeye atasema namnyima maendeleo?"

"Maendeleo!" Waithera alicheka kwa hasira. "Mimi nimeona maendeleo yakija dukani kwangu yamevaa tai. Unakumbuka mwaka wa upatu? Panda pesa, uvune mara tatu. Watu waliuza ng'ombe, ofisi ikafungwa, wakabaki wanapiga picha na kufuli. Unakumbuka mwaka wa kware? Ati yai la kware linatibu kila ugonjwa. Kila boma lilikuwa na kibanda. Mwishowe hata paka walichoka kuwala."

Roselyne alikumbuka. Kibanda chao bado kilikuwa nyuma ya choo.

"Mimi sisemi Recife ni uongo," Waithera aliendelea. "Recife iko. Binti yangu Nduta anasoma kilimo cha miwa huko huko. Mgeni anaweza hata kununua nyumba huko, kama anafuata njia. Ninachouliza ni kimoja. Nani ameenda kuiona?"

"Hakuna."

"Wewe ulipoolewa, ng'ombe wa mahari waliletwa tu?"

"Waletwe hivyo tu?" Roselyne alishangaa. "Wazee wetu walitoka Matulo wakaja Kabuchai kuwaangalia kwanza. Mjomba alifungua mdomo wa kila mmoja akatazama meno. Alikataa mmoja. Chuchu mbili zilikuwa zimekufa."

"Kama wangeletewa picha je?"

Kicheko kikamtoka Roselyne, cha kwanza tangu jana.

"Ng'ombe wa picha hakamuliwi," alisema.

Alifika nyumbani wakati wa chakula cha mchana. Alimpakulia Hesbon ugali, akaketi mbele yake.

"Baba Edinah, Ijumaa naweza kusema ndiyo. Lakini kwanza watu wangu waende kuangalia ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Wa Recife."

Hesbon nusura apaliwe. "Watu wako wa Matulo wataenda Brazil? Na nini, na baiskeli?"

"Binti ya Waithera yuko huko, na tumeshapatana na mama yake. Kesho saa nane mchana kwetu, kwake ni saa mbili asubuhi. Ataenda na simu mpaka kwa hilo ghorofa. Mwite Wamalwa pia. Kama ng'ombe ni mzima, anaogopa nini?"

"Unataka kuniaibisha! Mtu nilisimama naye kwa kisu, leo nimuulize ushahidi?"

"Mjomba wangu alipofungua midomo ya ng'ombe wenu, baba yako aliaibika?"

Hesbon alitafuna polepole. Aliikumbuka siku ile.

"Hapana," alisema mwishowe. "Alimchinjia kuku."

Alhamisi saa nane kamili, simu iliegemezwa kwenye birika mezani. Hesbon alikaa ukingoni mwa kiti. Wamalwa alikuja na suti yake, anatabasamu.

"Hujambo mama, hamjambo wazee," Nduta alisema kwenye simu. Nyuma yake kulikuwa na mchanga, mawimbi, na maghorofa marefu kama mstari wa mikalitusi. Hesbon alisogea karibu. Bahari ilikuwa ya kijani kweli kweli.

"Si niliwaambia?" Wamalwa alisema. "Tazama maji hayo! Wajukuu wataogelea mpaka wakatae kurudi nyumbani."

"Hilo bango jekundu ni la nini?" Roselyne aliuliza. "Naona samaki."

"Ni papa, mama. Wanaonya watu wasiogelee ovyo hapa. Papa wameshauma watu."

Roselyne aligeukia karatasi ya Wamalwa, akaipindua huku na huku.

"Hata bahari yao ina bango la kuonya," alisema. "Karatasi yako haina."

Nduta alivuka barabara. Huku akitembea, aliwaambia kwamba nje ya mji huo kuna miwa tangu zamani sana, na waliokata miwa ile walikuwa watu wa Afrika, waliopelekwa huko kwa minyororo. Hesbon aliangalia mikono yake mwenyewe. Ilikuwa na alama za majani ya miwa.

Ghorofa jeupe likatokea. Lilikuwa lile lile la kwenye picha. Wamalwa akapiga meza kwa furaha. Mlangoni alikaa mlinzi mzee. Nduta aliongea naye Kireno kwa muda mrefu. Mlinzi akatikisa kichwa.

"Anasema kila nyumba hapa ina mwenyewe anayeishi ndani," Nduta alieleza. "Hiyo kampuni haina hata mlango mmoja. Na anasema ninyi ni watu wa tatu kuuliza mwaka huu. Waliowatangulia walifika wenyewe na masanduku yao. Mama mmoja alilia hapa kwa ngazi."

Nje, kuku mwekundu alikuwa juu ya turubai.

"Huyo mlinzi amehongwa," Wamalwa alisema.

"Na nani?" Roselyne aliuliza. "Na huyu kuku wangu?"

"Mzee, usibishane na mlinzi," Nduta alisema kwa upole. "Hata mimi usiniamini bure. Kila nyumba huku ina nambari yake katika ofisi ya usajili. Nipe nambari, niende leo nikaombe nakala. Itaonyesha mwenye nyumba ni nani na kama ina deni. Na mgeni anayenunua lazima kwanza apate nambari ya mlipa kodi. Anaweza kuiombea kwa ubalozi wao Nairobi. Halafu atafute wakili wake mwenyewe, siyo wa muuzaji, na aandikishe. Huku wana msemo: asiyeandikisha si mwenye mali."

"Piga simu kwa kampuni," Hesbon alimwambia Wamalwa. "Uweke kwa spika."

Wamalwa akapiga. Sauti ya kijana, tamu kama asali, ikajibu.

"Nambari ya usajili hupewa aliyelipa, mzee wangu. Hizo ni siri za ofisi. Wewe tuletee huyo wa kumi kesho. Amebaki mmoja tu! Tiketi yako ya ndege iko hapa kwa meza."

Simu ikakatika. Hesbon alimtazama bakoki wake.

"Mimi ndiye wa kumi?"

Wamalwa alivua koti la suti polepole, akalikunja magotini.

"Wamalwa," Hesbon alisema, "wewe ni mjinga."

Kwa watu wengine, neno hilo lingeleta ngumi. Wamalwa aliinamisha kichwa.

"Mimi ni mjinga, bakoki. Niliona ndege peke yake. Sikuona kitu kingine. Nilidhani nawasaidia."

"Na mimi ni mjinga mwenzako. Ningekuuliza siku ya kwanza, ungewauliza wao. Bakoki ndiye mtu wa kuulizwa bila aibu, na mimi nikafanya kinyume. Hao tisa, kuna aliyelipa?"

"Bado. Kila mmoja anangoja bodi iruhusu auze kwanza."

Roselyne alipumua kama mtu aliyetua mtungi wa maji baada ya kupanda mlima.

"Basi usikae hapo kama gunia," alimwambia Wamalwa. "Wapigie. Wote. Sasa."

Wamalwa akapiga simu moja baada ya nyingine. Mtu wa Sirisia alimwita punda. Mwingine alimwuliza kama siku ya kisu alitahiriwa kichwani badala ya mahali pake. Wa tano alisema, "Asante, ndugu yangu. Nilikuwa nimeanza kung'oa ua wa boma," halafu akamtukana vizuri kuliko wote. Kufikia wa tisa, Hesbon alikuwa anacheka mpaka machozi. Wamalwa mwenyewe alikuwa anacheka. Ng'ombe wa jirani akalia kama anayeitikia.

Ijumaa walikwenda mbele ya bodi. Jina la Hesbon lilipoitwa, alisimama.

"Nimeondoa ombi langu," alisema. "Siuzi."

Kutoka hapo, yeye na Wamalwa walipeleka ile karatasi ya kung'aa kwa polisi, wakaandikisha taarifa. Wiki iliyofuata nambari ya kampuni haikupatikana tena. Kijana wa sauti tamu alikuwa ameshahamia kwa maskini wengine. Matapeli kama yeye hawafi, hubadilisha tai tu. Dawa yao ni watu kuambiana.

Lakini Hesbon hakuishia hapo. Usingizi ulikuwa umemrudia, na alitaka ubaki. Alikwenda Kitale, akamwuliza Waithera afanye nini.

"Weka jina la mkeo kwa hatimiliki," Waithera alimwambia. "Majina mawili. Hapo hakuna anayeweza kuota peke yake."

Kikao cha bodi kilichofuata, walikaa kwenye benchi lile lile.

"Mama, umekubali?" mwenyekiti aliuliza.

"Ndiyo," Roselyne alisema. Neno lilitoka lote, bila kukwama.

Hatimiliki mpya ilipotoka Bungoma, karani alimwonyesha mahali pa kutia sahihi. Roselyne alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kanisani, Jumamosi mchana. Aliweka kidole chini ya jina lake akalisoma silabi kwa silabi. Karani alingoja. Hesbon alingoja pia. Alipofika mwisho, akarudi mwanzo, akalisoma tena.

Jumapili hiyo Wamalwa alifika Kabuchai kwa miguu, bila suti. Kwapani alikuwa na jogoo mkubwa.

"Faini yangu, shemeji," alisema. "Kwa sababu mlinizuia nisiingie shimoni na watu tisa mgongoni."

Roselyne alimpokea jogoo. Hakumweka chini. Alimfunua bawa moja, akatazama. Akafunua la pili. Akamfungua mdomo, akachungulia ndani.

"Shemeji, huyo si picha!" Wamalwa alilalamika.

"Najua," Roselyne alisema. "Lakini bado nitamwangalia."