Picha ya Kutoa Pumzi

Nelima alimeza chakula vizuri tu. Taabu ilianza alipotoa pumzi: kitu kilikaza juu ya kitovu, na harufu ya nywele zilizoungua ikajaa nyumba yake ya mtaa wa Munyaka, ingawa jiko lilikuwa baridi.

Miezi minane alikonda hivyo. Daktari Wanyoike, mtu aliyependa kusikiliza sauti yake mwenyewe tu, alimpiga picha za CT mara mbili, akasema mishipa ya tumbo iko sawa. Picha ya tatu ikikosa kuonyesha kitu, angempeleka kwa madaktari wa akili.

"Hii ni slimming tu, anajikondesha," alisema siku ya picha hiyo ya tatu, sambusa mkononi, mbele ya skrini katika chumba cha pembeni. "Kesho atasema ni jini."

"Daktari, zote mbili zilipigwa akiwa ameshika pumzi," alisema Jerop, mpiga picha za CT. "Si tujaribu akiwa ameitoa?"

"Wewe kazi yako ni button. Bonyeza."

Bwana mkubwa alipoinamia simu yake, Jerop alizima sauti iliyorekodiwa ya mashine, ile ya kuamuru wagonjwa washike pumzi, akashika maikrofoni.

"Mama Nelima, toa pumzi yote. Usivute kwanza."

"Kaza," ilisema sauti ya mashine iliyozimwa.

Harufu ya nywele zilizoungua ikapenya chini ya mlango, na kwenye skrini mshipa unaolisha tumbo, ule uliokuwa wazi kabisa katika picha za kwanza, ukaonekana umebanwa, na juu yake, mahali Jerop alipofundishwa kwamba pana ukano tu, palikuwa na vidole vyembamba vyenye kucha, vitano, na alipokuwa akivihesabu, cha sita kikajikunja polepole ndani ya picha ambayo haikupaswa kusogea.

"Umeona?" alinong'ona.

"Ni kivuli. Futa." Jasho lilikuwa likimtoka Wanyoike, lakini kiburi hakikumtoka.

"Sifuti."

Vidole vikalegea, vikatoweka. Ndani ya chumba cha mashine, Nelima aliinuka akaketi juu ya meza ya CT.

"Naskia njaa," alisema, akilia.

"Si nilisema hana kitu!" Wanyoike akacheka, akang'ata sambusa, akameza, akatoa pumzi.

Akashika juu ya kitovu, akajikunja hadi kipaji cha uso kikagusa sakafu.

Nelima alitoka taratibu. Alimtazama kama alivyotazamwa yeye miezi minane, akaichukua ile sambusa mkononi mwake na kuimaliza yote.

"Pole, daktari," alisema. "Usitoe pumzi."