Kioo Kilicholambwa kwa Ndani

"Nani amelamba kioo cha gari?"

Frida aliuliza asubuhi, uani kwao Ilomba, jijini Mbeya, mkono mmoja umeshika mlango wa gari lao jeupe na mwingine umeziba pua. Kaka yake Liberatus alikuwa anatafuta funguo zilizokuwa mkononi mwake mwenyewe. Mama yao, Apolonia, alikuwa anakunja kitenge. Akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.



Na alama zilikuwa pale, kwa ndani. Pana, zimepanda kutoka dashibodini hadi juu, moja kando ya nyingine, kama za ng'ombe aliyepewa jiwe la chumvi. Frida alipogusa, uzi wa ute ulikifuata kidole chake... ukarefuka... ukakatika. Ulinuka mdomo uliolala na nyama kwenye meno.

Kioo chenyewe hakikuwa kimemaliza hata wiki. Cha zamani kilipasuliwa na kokoto ya lori. Hiki kilikuwa cha mtumba, kimetolewa kwenye gari la ajali, kikapachikwa na fundi Anord, mtaa wa pili tu. Frida akaapa kwamba hawatoki Mbeya bila maelezo. Safari yenyewe haikuwa ya kutembea. Jicho la kushoto la Mama lilishazima, la kulia lilikuwa njiani kuzima, na kesho yake asubuhi daktari alikuwa anamsubiri Iringa. Wakichelewa, basi tena.

Kwa Anord walimkuta mzee Bushiri, muuza vitambaa, anafoka.

"Kijana, tangu uniwekee hiki kioo, kila taa inayokuja mbele imeota ndevu!"

"Hayo macho, mzee wangu. Kioo hakina shida."

"Na chetu?" Frida akadakia. "Chetu kimelambwa."

Anord alicheka hadi akashika magoti. "Kimelambwa! Dada, huo ni mvuke wa pumzi zenu. Shusheni madirisha. Tena punguzeni kuongea humo ndani, hasa wewe."

"Mvuke ndio unanuka mdomo?"

"Inategemea mdomo wa nani!"

Gereji nzima ikaangua kicheko. Ndivyo mwenye gari anavyojibiwa. Ukilalamika huoni, una macho mabovu. Ukilalamika kunanuka, unanuka wewe.

Frida alifuta kile kioo kwa sabuni ya unga na maji ya moto, akitapika mara mbili katikati ya kazi. Ndiyo maana waliondoka mchana umeshaenda. Nyololo, njiani kwenda Iringa, ikawapokea jua limezama, baridi imeshika, na ukungu umelala barabarani mzito kama uji.

Mama alikaa mbele, maana akikaa nyuma hutapika. Kioo kikaanza kuziba. Liberatus akafungulia hewa ya moto. Wapi! Akasimama kidogo, akatoa kiazi chini ya kiti, kama wafanyavyo madereva wengi wa huku kwenye baridi, akakikata nusu na kusugua kioo kwa ule upande wenye maji. Kikang'aa. Wakaondoka.

Kisha...

Lwaap.

Sauti ndogo. Ya majimaji.

Frida akaegemea mbele. Chini ya kioo, mstari wa ute ulikuwa unapanda. Polepole. Mpana kama kiganja. Hapakuwa na mkono wala kitambaa. Ulifika juu, ukakoma, na mwingine ukaanza pembeni yake.

Lwaap.

"Kaka, simama."

"Nisimame wapi? Pembeni sipaoni. Nikiganda hapa katikati lori linatufagia!"

"Kata kulia," Mama akanong'ona.

"Nini, Mama?"

"Kata!"

Liberatus akakata. Ubavuni mwao likapita lori zima lililokufa barabarani, halina taa hata moja, matawi ya kuonya madereva yametandazwa nyuma yake. Yakasagika chini ya magurudumu.

Gari lilipopata pa kusimama, Frida akawasha taa ya ndani. Mbele ya usukani kioo kilikuwa kimefunikwa na utando mzito wa mate. Mbele ya Mama palikuwa na duara safi, ukubwa wa sahani.

Na Mama, jioni kama ile, alikuwa hata mlango hautofautishi na ukuta.

Frida akashuka. Akasogea hatua chache nyuma ya gari, akampigia Anord.

"Kile kioo ulikitoa kwenye gari gani?"

Anord hakucheka safari hii. "Lile lililotumbukia korongoni. Alikuwemo mama mmoja. Kichwa chake kilipigia hapo hapo, akafa macho wazi... Lakini nilikiosha, dada. Haki ya Mungu, nilikiosha."

"Halafu?"

"Halafu nikakitemea mate, nikasugua na gazeti. Ndivyo vinavyong'aa. Vyote nafanya hivyo."

Frida akakata simu. Kwao mate hayatemwi ovyo. Bibi humtemea mtoto kifuani kumwambia wewe ni wetu, kaa. Na kitu cha marehemu hakiguswi kwa mate kabla ndugu zake hawajamuaga. Yule mpumbavu alikuwa amemtemea mtu asiyemjua, aliyekufa macho wazi akiitafuta barabara. Alikuwa amemwambia kaa.

Naye amekaa.

Frida akarudi kwa upande wa mbele wa gari, akiwasha tochi ya simu.

Mama alikuwa ameinama juu ya dashibodi. Mdomo wazi. Ulimi wake wote, mweupe kwa ukungu wa pumzi, ulikuwa umebanwa kwenye kioo, unapanda, unateremka, unapanda. Kando yake Liberatus amejifunika uso kwa mikono.

Na kwa nje...

Kwa nje, pale pale ulipo ulimi wa Mama, umande ulikuwa unafutika. Mstari mpana. Ukipanda wa ndani, unapanda na wa nje.

Kitu chenye joto kilihema karibu na shingo ya Frida. Kikanuka nyama.

"Mama!" akapiga kelele. "Mama, acha!"

Mama akainua macho. Yote mawili. Yakamtazama sawasawa.

"Umevaa sweta ya kijani," akasema kwa furaha. "Mwanangu, nimekuona. Nikimpa mate, naye ananipa macho."

Asubuhi daktari wa Iringa alimulika jicho la kulia, akamulika la kushoto, akazima tochi yake. Alisema hapakuwa na kilichobaki cha kuokoa. Mama hakulia hata kidogo. Aliomba arudishwe garini. Akiwa humo, kupitia kioo kile, akawasomea mabango ya maduka, moja moja, akicheka kama msichana, ute ukimteremka kidevuni.

Frida alichukua nyundo. Mama hakumzuia.

"Piga. Ila ujue unayapiga macho yangu."

Frida akaiweka nyundo chini.

Siku hizi Liberatus humpeleka Mama barabarani kila jioni, akaione dunia. Anasema harufu ameshaizoea. Frida hajaizoea, na hapandi tena gari lile. Hata akipewa maji kwenye glasi, huiinua kwanza kwenye mwanga akaikagua ndani.

Sasa wewe unayepita barabara ya Iringa na Mbeya jioni, ukikuta gari jeupe limesimama pembeni, kioo kimelowa, na nyuma ya kioo mama wa watu anakutazama, usijifanye msamaria mwema na kitambaa chako. Naomba usikifute.