Sabufa ya Upande wa Mama

Mtaani tulimwita Mzee wa Besi, ingawa hakuwa mzee wala hakujua kupiga chombo chochote. Alikuwa jirani yetu, mtu wa kutaniana na kila apitaye, ila akiwasha redio yake vikombe vya nyumba za jirani vilicheza kabatini. Aliishi na mama yake mzazi. Yeye sebuleni na sabufa yake, mama chumba cha pili na kifua chake kibovu, katikati yao ukuta mwembamba. Besi ikimzidi, mama aligonga ukuta kwa pete yake na kuita, "Punguza, mwanangu!" Naye mwana alijibu, "Nimepunguza, Mama!" bila hata kunyanyua mkono.

Mama alifariki Jumamosi moja mchana, muziki ukiwa juu. Dada mkubwa wa Mzee wa Besi alipofika kutoka safari, macho yamemvimba, alimuuliza mdogo wake swali moja tu: mama aliteseka?

"Alilala tu, Dada," Mzee wa Besi akasema, akitazama viatu vyake. "Hakuamka. Hakusumbuka hata kidogo."

Dada alilishika neno hilo kwa mikono miwili. Ndilo lililompa usingizi, na ndilo alilomwambia kila aliyekuja kumpa pole. Kila alipolirudia, mdogo wake alijitia hamnazo na kwenda jikoni kutafuta maji asiyoyataka.

Miezi ikapita. Mzee wa Besi akauvunja ule ukuta, sebule na chumba cha mama vikawa kitu kimoja. Alituambia anataka nafasi. Ukweli ni kwamba hakuweza tena kuutazama ukuta ule. Sasa ukumbi ukawa mkubwa kwa sabufa moja, basi akanunua ya pili, akaiweka pale palipokuwa kichwa cha kitanda cha mama, chini ya picha yake ya fremu ya kioo. Kisha akamwita fundi redio azipange.

"Sabufa mbili ni kama watu wawili wanaohamisha kabati," fundi alimweleza huku akichomeka nyaya. "Mkienda upande mmoja, mambo yanakwenda. Mkisukumana, hakuna kinachosogea. Besi zinauana."

Fundi huyo alikuwa na njia yake ya kupima. Aliwasha muziki, akapiga magoti, akaanza kutambaa ukumbi mzima na sikio karibu na sakafu, akitafuta besi ni nene wapi na nyembamba wapi. Mzee wa Besi akacheka mpaka akashika mbavu.

"Fundi, umedondosha sindano?"

Fundi alikuwa amefika kwenye kochi la katikati, akaganda.

"Hapa pamekufa," akasema. "Besi haipo kabisa. Nimegeuza waya za hii mpya."

Akazibadilisha, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Ukumbi ukanguruma, vioo vya madirisha vikatetemeka. Akatambaa tena hadi kwenye kochi. Kimya. Akaisogeza sabufa mpya kidogo, akarudi. Kimya. Safari hii alikaa pale muda, kichwa kimeinama. Alipoinuka, hakupangusa hata vumbi la magotini. Alianza kukusanya vifaa vyake.

"Vipi tena, fundi?"

"Sikiliza mwenyewe," akanong'ona, akatoka. Bisibisi yake ilibaki mezani.

Mzee wa Besi akapiga magoti. Jua la mchana lilikuwa limejaa ukumbini, na nje watu walikuwa wanapita wakiongea. Akatambaa. Besi ilimpiga kifuani, ikampiga tumboni. Akaingiza kichwa pale penye kochi.

Kimya kabisa.

Kisha pete. Ko. Ko. Ko. Ikigonga ukuta ambao haupo.

"Pu..."

Damu ilimwishia usoni. Aliijua ile sauti. Siku ya kifo cha mama pia alisikia hilo "pu" tu, besi ikameza lililobaki. Alijibu kwamba amepunguza. Halafu akaongeza, kwa kiburi, kumkomoa. Sasa hapakuwa na besi ya kumeza chochote.

"Pumzi," sauti ikasema. "Mwanangu. Pumzi."

Siku ile mama hakuwa anasema punguza.

Aibu ilimvaa mwili mzima. Akabaki vilevile, mtu mzima kwa miguu minne, asiweze kusimama. Hakusikia hodi. Alishtuka tu mkoba ukitua sakafuni, na dada yake amesimama mlangoni, mchovu wa safari, akitabasamu.

"Unatafuta nini huko chini, wewe?"

"Usikae hapo, Dada!"

"Niache bwana, miguu inaniuma."

Akakaa kwenye kochi la katikati.

Mkono wa Mzee wa Besi ukaenda wenyewe kwenye redio. Akaongeza sauti. Mpaka mwisho. Kikombe kikaanguka jikoni, kikavunjika. Aliona uso wa dada yake ukiinama upande, polepole, kama wa mtu anayenong'onezwa sikioni. Tabasamu likaondoka.

Akang'oa nyaya zote. Ukumbi ukanyamaza.

"Uliniambia alilala," dada akasema kwa sauti ndogo.

"Nilidhani..." Akaziachia nyaya. "Nilidhani anasema punguza."

Dada alikuwa anatazama picha ya mama. Kwenye kioo, pale penye mdomo, palikuwa na duara dogo la mvuke. Akaenda, akalifuta kwa ncha ya mtandio wake. Halikufutika. Akabandua fremu ukutani, akafuta tena kwa kiganja. Mvuke ulikuwa upande wa ndani.

Dada aliondoka jioni ileile na hajarudi. Sabufa zote mbili zilitolewa nje, na nyumba ile, ambayo zamani tuliilalamikia, sasa iko kimya hata inatutisha. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta ameketi sakafuni, mbele ya picha. Duara lile nililiona kwa macho yangu. Linakuja, linafifia. Linakuja, linafifia. Na kila linapofifia, Mzee wa Besi huibana pumzi yake mpaka lirudi.